Dakika Nne za Tanjia

Kwa siku kumi na tisa nilikuwa mtu wa kwanza duniani kujua kwamba kuna sayari isiyo na mfupa ndani. Nasema duniani kwa sababu ndivyo nilivyomwambia mama, na mama ndivyo alivyowaambia wanawake wa hamamu, bafu la umma, na wanawake wa hamamu ya mtaa wetu wakishaambiwa jambo, gazeti halina kazi. Siku ya ishirini nikajua kwamba sijui kitu. Naeleza mwenyewe jinsi ilivyokuwa, maana nimesikia inavyosimuliwa chuoni, na huko wameniongezea ujinga ambao sikuwa nao. Niliokuwa nao unatosha.

Jina langu Mahjuba. Nasomesha fizikia katika sekondari moja ya Marrakesh, na wakati wa mambo haya nilikuwa na miaka arubaini na mmoja, minane kati ya hiyo nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu. Wenzangu nilioanza nao walikwisha kumaliza, wakaoa, wakaolewa, wengine wakaanza kutahini watu. Mimi bado nilikuwa na kadi ya mwanafunzi, na mlinzi wa maktaba alikuwa akiitazama picha, akinitazama mimi, kisha akiniuliza kama yule ni mdogo wangu. Mwezi wa pili chuo kikaniandikia barua fupi: tasnifu itetewe kabla ya mwisho wa mwezi wa saba, la sivyo jina langu linafutwa daftarini. Barua ile niliisoma darasani, mbele ya watoto arubaini waliokuwa kwenye mtihani, nikawanyang'anya wawili karatasi zao kwa kosa ambalo hata leo silikumbuki.

Tasnifu yangu ilihusu sayari moja tu. Ina jina refu la herufi na tarakimu, halina ladha, kwa hiyo mimi niliiita Tanjia, kama kile chungu tunachokijaza nyama na ndimu ya chumvi tukampelekea mtu wa tanuru la hamamu akifukie kwenye majivu ya moto mpaka jioni. Tanjia ni kubwa kuliko Mshtarii, na imeikaribia nyota yake mno hata mwaka wake hautimizi siku mbili zetu. Kuiona yenyewe haiwezekani. Tunachoona ni nyota, nuru moja tu, tunakaa tukiipima. Tanjia ikipita mbele ya nyota, nuru inapungua: huko tunakuita kupatwa kwa mbele. Ikienda kujificha nyuma ya nyota, nuru inapungua tena, safari hii kidogo sana, kwa sababu joto la Tanjia yenyewe limetuondokea: huko ni kupatwa kwa nyuma. Ukilinganisha nuru ya kabla na ya wakati imejificha, unalijua joto la angahewa yake. Ni nyuzi elfu mbili na ushei. Hadi hapo kazi yangu ilikuwa safi, na kama ningekuwa mtu wa kutosheka ningeishia hapo.

Lakini nilitaka kujua ndani mna nini. Njia ya Tanjia si duara kamili, imerefuka kidogo kama yai. Nyota inaivuta hadi inavimba, na kwa sababu ya uvimbe huo yai zima linageuka polepole, mwaka hadi mwaka, na saa za kupatwa kwa mbele na kwa nyuma zinaachana kwa sekunde chache. Sayari yenye mfupa, yaani kiini kizito katikati, huligeuza yai lake taratibu. Iliyo nyama tupu huligeuza kwa haraka zaidi. Kwa hiyo unaweza kujua kama chungu kina mfupa bila kukifunua. Unachohitaji ni subira na saa isiyodanganya.

Kupatwa kwa nyuma nilikuchukua kwenye vipimo vya darubini iliyo angani, ambavyo mtu yeyote anaruhusiwa kuvitumia. Kupatwa kwa mbele nilikupima mwenyewe katika kituo chetu cha Tizi Umlil, juu ya mlima. Mwaka ule zamu zote zilikuwa zimechukuliwa isipokuwa za mwezi mmoja, Ramadhani. Nani apande kwenye theluji aache meza ya mama yake? Nikaomba mwezi mzima, wakanipa bila hata kuniuliza kwa nini.

Kituoni nilimkuta ami Belaid, mlinzi, fundi wa mabomba, mpishi, na kwa maelezo yake mwenyewe, mkurugenzi. Ni mtu wa miaka sitini na kitu, mzaliwa wa bonde la chini yetu. Ana nyumba yake getini, lakini futari alikuwa akiileta chumba cha kompyuta kwa sababu ndimo mlimo na hita. Harira yake, supu yetu ya kufuturia, sijapata kunywa mfano wake. Tatizo lake lilikuwa moja, alifuturu kabla ya wakati.

"Jua limezama, ustadha," akaniambia siku ya kwanza, na tende iko mkononi.

"Halijazama, ami. Limeingia nyuma ya mlima tu."

"Mimi silioni. Wewe unaliona?"

"Kuzama ni kwenye upeo wa macho, si nyuma ya mlima wa watu!" Nikaenda ubaoni nikamchorea dunia, mlima, jua na mishale. Akatazama mchoro wote kwa heshima.

"Mchoro mzuri sana," akasema. "Sasa nipitishie maziwa."

Siku ya pili tukapatana. Tutafuata kalenda ya Ramadhani iliyobandikwa ukutani na saa ya kompyuta, ambayo hupokea wakati kutoka kwenye setilaiti na haikosei hata nukta ya sekunde. Siku ya tatu akaila tende dakika mbili kabla. "Dakika mbili, binti yangu! Mwenyezi Mungu atanihesabia dakika mbili na umri huu?" Mimi nina hasira za karibu, na nikiwa na njaa zinakaribia zaidi. Kesho yake mchana, alipokwenda kuzoa theluji, niliuchomoa waya wa setilaiti, nikairudisha saa ya kompyuta nyuma dakika nne. Sasa kwa haraka zake zile za dakika mbili, atafikiri anawahi, kumbe atakuwa amechelewa.

Nilijiona mjanja kupita kiasi. Jioni tukakaa, supu inatoa moshi, adhana imekwisha kulia dunia nzima nami najua, tumbo linanililia, lakini nimeikazia macho saa ile kama mtakatifu. Ami Belaid naye kila saa ya futari ikikaribia alikuwa akinyanyuka, "Ngoja nikageuze mkate," akienda jikoni, akirudi na uso mtulivu kabisa. Tende hakuzigusa tena kabla ya saa ya kompyuta. Nikasema moyoni, mzee ameanza kujifunza subira.

Utauliza, niliwezaje kusahau? Kila picha inayopigwa na darubini ile inagongwa muhuri wa saa ile ile. Najua. Mtoto wa darasa la tano angejua. Lakini akilini mwangu lile halikuwa jambo la sayansi, lilikuwa jambo la supu, na mambo ya supu nilikuwa nikiyaweka chumba kingine. Siku ya Idi niliteremka na mizigo yangu, waya nikauacha unaning'inia. Fundi wa kompyuta alipopanda wiki mbili baadaye akaukuta umechomoka, akauchomeka, akaenda zake.

Mwezi wa sita nikamaliza hesabu. Kupatwa kwa mbele kulikuwa kumetangulia dakika nne. Katika kazi yetu sekunde tisa zinatosha watu kupigiana simu, na mimi nilikuwa na dakika nne! Mtu mwenye akili timamu angetilia shaka. Nami nilitilia shaka, saa nzima. Nilikagua kanuni, nikakagua nyota, nikakagua vioo, nikamkagua hata mwanafunzi aliyenisaidia kuchora. Kisha nikaingiza namba, na namba zikaniambia kwamba Tanjia haina kiini kabisa, ni laini kuliko sayari yoyote iliyopata kupimwa.

Profesa Zniber, msimamizi wangu, ni mtu anayekagua kama ameufunga mlango mara tatu. Alizisoma karatasi zangu amesimama.

"Na saa?" akauliza.

"Ya setilaiti, Profesa."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Bi Mahjuba," akasema, "miaka minane nimekuwa nikikuonea huruma. Nisamehe." Siku hiyo hiyo akapanga utetezi uwe tarehe kumi na nane mwezi wa saba, akamwalika Profesa Wided Chelbi kutoka Tunis awe mtahini wa nje. Mimi nikaenda nyumbani nimeinua shingo hata nikakipita kichochoro chetu.

Mama akafanya karamu ya Ijumaa, masinia matatu ya kuskusi, mtaa mzima. Alikwisha kujifunza kueleza. "Ni chungu cha moto huko juu," alikuwa akiwaambia wanawake, "kikubwa hakisemeki, na watu wote wa Ulaya walidhani kina mfupa. Binti yangu akasema hakina." Ami Belaid akateremka toka mlimani na gunia la kokwa za jozi, amevaa jalaba jeupe, akakaribishwa sinia la heshima pamoja nasi.

"Huyu ustadha wenu msimwone hivi," akaanza, hata tonge la tatu hajalimeza. "Ramadhani alitaka kuniua."

"Ee! Alikufanya nini?" akauliza mama.

"Kairudisha saa ya kompyuta nyuma ili nichelewe kufuturu. Mimi! Anadhani huko mlimani hatuna redio." Akatoa mfukoni redio ndogo iliyofungwa kwa mpira, akawaonyesha. "Adhana ya Marrakesh ikilia, mimi naenda jikoni kugeuza mkate. Tende tatu, maziwa, alhamdulillahi. Nikirudi namkuta amekaa, midomo imemkauka, anailinda saa yake. Namwonea huruma lakini nasema, mwache, ndiye msomi!"

Watu wakacheka hadi mmoja akapaliwa. Mama akanishika bega. "Mwanangu, kwa hiyo ulikuwa unafunga peke yako?"

Nilicheka kuliko wote. Nilikuwa na tonge la kuskusi kati ya vidole, nalipeleka mdomoni, na mkono ukasimama njiani.

"Dakika ngapi, ami?" nikamwuliza.

"Nne," akasema. "Kwani umesahau dhambi zako?"

Nikanyanyuka nikasema nakwenda kuchukua chai. Nikaingia chumba cha nyuma nikajifungia na kompyuta yangu. Nilichukua vipimo vyote vya Ramadhani (siku tatu za kwanza, kabla sijaigusa saa, mawingu hayakuniachia kitu) nikaviongezea dakika nne. Nukta zote zilizokuwa zimetoroka zikarudi kwenye mstari kama wanafunzi waliosikia mwalimu mkuu anakuja. Hakukuwa na kitu. Yai halikugeuka zaidi ya kawaida, chungu hakikusema kama kina mfupa au hakina. Nje walikuwa wanauliza chai iko wapi. Nililia kwa kweli, na kilichoniuma zaidi ya yote kilikuwa kile kicheko cha sinia, jinsi walivyokuwa wakinipenda wakati ule wanaponicheka.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo wasipopajua kule chuoni. Sikwenda kwa Profesa Zniber kesho yake. Wala kesho kutwa. Nilikaa nikijipa hoja. Nani ajuaye? Mimi na mzee mmoja asiyejua sayari ni nini. Labda muhuri wa picha ulichukua wakati kwingine. Najua haukuchukua kwingine, lakini labda. Na hata kama nimekosea, si kuna wengine watapima baadaye wanisahihishe? Ndiyo sayansi hiyo, kusahihishana. Nilipata hoja kumi na moja, zote nzuri, nyingine nimepata kuwanyang'anya wanafunzi wangu maksi kwa kuzitumia.

Siku ya tatu nikapanda Tizi Umlil kumfunga ami Belaid mdomo. Nilimkuta anapaka bawaba za geti mafuta.

"Ami, lile la saa," nikamwambia, "tusilizungumze tena mbele za watu. Linanivunjia heshima."

"Limekwisha," akasema hapo hapo. "Mimi hata silikumbuki. Saa gani?" Akacheka, akafuta mikono. "Lakini niambie, ile sayari haina mfupa, hakika? Maana nimewaambia wajukuu. Na imamu naye akaniuliza mbele ya watu baada ya Ijumaa, nikamwambia hapana, haina, mimi nilikuwepo usiku huo, kahawa nilipika mimi."

Nilikuwa tayari kuwadanganya watahini watatu, darubini ya angani, na watu wa Ulaya wote wa mama yangu. Lakini yule mzee alikuwa amesimama na kitambaa cha mafuta, anangoja niseme ndiyo, aende akampe imamu. Sikuweza.

"Hatujui, ami," nikasema. "Zile dakika nne ndizo zilizoutoa mfupa."

Nikamweleza yote. Aliketi juu ya debe.

"Kwa hiyo ni mimi," akasema. "Tumbo langu hili."

"Si wewe. Saa niliishika mimi."

"Kama ningengoja jua lako lile la ubaoni..."

"Ami, saa niliishika mimi!" Nilimpigia kelele kabisa, mbwa wa geti akaondoka.

Akanyanyuka. "Basi nenda kamwambie Profesa wako. Na akitaka shahidi, mimi nipo. Dakika zilikuwa nne, nilikuwa nazihesabu kwa redio."

Profesa Zniber alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Zimebaki siku ngapi?"

"Ishirini na sita."

"Na unaniambia habari ya supu."

"Harira, Profesa."

Alikuwa amekasirika, na ni mara pekee niliyomwona hivyo. Masikio yake yalibadilika rangi. Tarehe haiwezi kusogea, akasema, na barua ya chuo haina huruma. Njia ilikuwa moja: niandike kosa lilivyotokea, nirekebishe zile dakika nne, niseme wazi kwamba ndani ya Tanjia bado hapajulikani ila kwa kiwango fulani, na niombe watahini waukubali urekebisho wangu. Wakiukubali, sura ya mambo ya ndani inabaki. Wasipoukubali, nusu ya tasnifu inakwenda na maji, na pengine mimi pamoja nayo. Nikaandika siku ishirini na tano. Kwenye jedwali la marekebisho, mahali pa chanzo, nikaandika: ushahidi wa B., mlinzi wa kituo.

Siku ya utetezi ukumbi ulikuwa na joto. Mama alikaa safu ya mbele na majirani wanne na birika la chai alilokatazwa kuingia nalo. Ami Belaid alikuwa nyuma yao. Mama nilikwisha kumwambia kwamba habari ya mfupa imeingia mashaka. Akanijibu kwamba yeye haji kwa ajili ya mfupa.

Profesa Chelbi, mama mwembamba mwenye sauti ya chini, alinisifu kwa sura ya angahewa. Joto limepimwa vizuri, akasema, na kupatwa kwa nyuma kunaaminika. Kisha akafungua ukurasa wa jedwali.

"Huyu B. ni nani?"

"Ni mimi!" ami Belaid akasimama kabla sijafumbua mdomo. Watu wakageuka. Zniber akafumba macho.

"Karibu, mzee wangu," akasema Chelbi. "Unasema saa ilichelewa dakika nne. Unajuaje?"

"Nilikuwa na redio, bibi Profesa, na nilikuwa na njaa. Mwenye njaa akikuambia dakika, mwamini."

Ukumbi ukacheka. Hata Chelbi alicheka. "Na ulihakikisha kila siku? Mwezi mzima? Unaweza kuapa?"

Lile neno la kuapa likamrudisha nyuma. Akaangalia viatu vyake. "Kila siku," akasema, "isipokuwa siku mbili tatu. Hizo sikuingoja redio. Nilikula tu." Wakacheka zaidi, naye akaketi amefedheheka, anapangusa uso kwa ncha ya jalaba.

Chelbi akanigeukia mimi, na sasa hakuwa akicheka. "Mzee ametuambia anachokijua. Siku ambazo hakusikiliza, aliyekuwepo ni wewe peke yako. Niambie: ile saa uliigusa mara moja tu, siku ile ulipochomoa waya, hukuigusa tena?"

Kilichotakiwa ni neno moja, na nilikuwa nalo mdomoni. Zniber alikuwa akinitazama na kichwa chake kinaenda chini na juu polepole, kama mtu anayemsaidia mtoto kusoma. Nikaikumbuka jioni moja, labda ya kumi na saba, ami Belaid aliponicheka kwa sababu niliunguza mkate, nami nikaenda kwenye kompyuta nimekasirika. Niliongeza dakika nyingine nikairudisha kesho yake? Au nilikaa tu mbele yake nikitamani? Nilijaribu kwa nguvu zangu zote kukumbuka.

"Sikumbuki," nikasema. "Nadhani niliigusa tena mara moja. Sina hakika."

"Hukuandika popote?"

"Sikuandika. Nilikuwa namkomoa mtu, Profesa. Mambo kama hayo mtu haandiki."

Safari hii hawakucheka. Wakatoka, watahini watatu, wakafunga mlango. Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi dakika arubaini. Ami Belaid hakunisogelea. Mama aliniletea maji, akanitengeneza kitambaa cha kichwa, akaniambia nina uso wa mtu ambaye hajala.

Waliporudi tukasimama. Zniber akasoma kwa sauti kavu. Vipimo vyote vya Ramadhani vimekataliwa, kwa kuwa aliyevipima hawezi kusema saa yake ilikuwa wapi. Sura ya mambo ya ndani inaondolewa. Sura ya angahewa inakubaliwa, nayo inatosha, kwa kiasi. Shahada inatolewa bila sifa yoyote, kwa sharti kwamba kichwa cha tasnifu kirekebishwe sasa hivi, kwa mkono wa mtahiniwa, kabla ya watahini kutia saini.

Nakala ilikuwa mezani. Jalada lake la bluu nililichagua mimi na lilikuwa na maandishi ya dhahabu: *Mambo ya Ndani na Angahewa ya Sayari Kubwa ya Moto kwa Njia ya Kupatwa*. Chelbi akanipa kalamu yake. "Maneno manne ya mwanzo," akasema taratibu, na nikaona kwamba alikuwa ananihurumia.

Wino haushiki vizuri kwenye dhahabu. Ilinibidi nikandamize. Nilikata *Mambo*, nikakata *ya*, na nilipofika kwenye *Ndani* mama, ambaye hajui kusoma, aliona binti yake ameinama juu ya meza ya maprofesa na kalamu mkononi, akadhani ndiyo saini yenyewe. Akasimama akapiga vigelegele. Majirani wote wanne wakamwitikia, vikajaa ukumbi mzima hata watu wa ofisi za jirani wakaja mlangoni kuangalia ni nani anaolewa. Zniber aliinua mkono awanyamazishe, nikamwomba awaache. Nikaendelea kukata, machozi yananidondokea juu ya lile jalada la bluu, mpaka nikalimaliza neno la nne.